Kipimo cha Majani Chai Kitumiwe Hotelini

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ukizuru baadhi ya hoteli katika nchi ya majani chai, kuanzia Kericho hadi Bomet, utajiuliza ni nani hasa aliyepona. Eneo hili limejaliwa neema tele. Mvua hunyesha takriban mwaka mzima, na mashamba ya chai, ambayo kampuni za Waingereza zilianza kuyapanua katika miaka ya 1920, yametanda vilimani kama zulia la kijani. Kilichoadimika ni huduma inayolingana na uzuri huo.

Hivi majuzi nililala katika hoteli moja ambayo sitaitaja jina. Chumba nilichokuwa nimelipia mapema kilikuwa kimepewa mtu mwingine. Nilikopelekwa, shuka zilikuwa na unyevu na bomba la maji moto lilitoa maji baridi, ilhali baridi ya usiku wa Kericho si ya kufanyiwa mzaha. Asubuhi nikaandaliwa chai iliyopoa, isiyo na rangi wala ladha. Nilipolalamika, karani wa mapokezi alinijibu kwamba nisiporidhika, mlango u wazi.

Ajabu ni kwamba papo hapo, nje ya ua wa hoteli, kuna watu wanaopimwa kwa kipimo kikali mno. Mchumaji hutakiwa kuchuma majani mawili na chipukizi. Mkulima mdogo akipeleka majani magumu kwenye kituo cha kununulia chai, hukataliwa palepale, na jasho lake likaenda bure. Mbona mwenye hoteli apokee malipo kamili kwa huduma ambayo, lau ingekuwa majani chai, ingetupwa?

Wapo watakaomlaumu mhudumu. Mimi sikubaliani nao. Mhudumu asiyefunzwa, anayelipwa ujira duni na kusimama tangu alfajiri hadi usiku, atalitoa wapi tabasamu? Chuo cha Utalii jijini Nairobi kimekuwa kikifunza kazi hii tangu miaka ya 1970. Mwajiri anayeona elimu hiyo kuwa gharama ya bure ndiye anayestahili kulaumiwa kwanza.

Hata hivyo, sisi wateja nasi tuna wajibu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Mwaka 2012 Bunge likapitisha sheria ya kumlinda mtumiaji. Haki hizo hazina maana iwapo mgeni atanung'unika chumbani kisha alipe na kuondoka kimya.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Kila mwaka tunafundisha barua rasmi kana kwamba kazi yake ni kuzoa alama za mtihani tu. Tuifundishe pia kuwa silaha ya raia: mwanafunzi ajue kutaja tarehe, kiasi alicholipa, alichoahidiwa na alichopewa, kisha adai haki yake kwa lugha ya adabu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wenye hoteli wa Kericho na Bomet wana mandhari yanayojiuza yenyewe. Wasiyaharibie soko kwa huduma ambayo mchumaji wa chai angeona haya kuitia kikapuni mwake.