Miaka ya mchezaji huanza kuhesabiwa hapa nyumbani

Kila Mkenya anapong'aa katika mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, mazungumzo ya huku nyumbani hukomea kwenye urefu wake na bahati yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa Madina Okot, msichana wa Mumias aliyejulikana akichezea shule ya Kaya Tiwi kule Kwale, kisha Chuo Kikuu cha Zetech, kabla ya kwenda Mississippi State mwaka 2024. Mwaka uliofuata alihamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley, ambaye timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 2017, 2022 na 2024. Urefu wa Okot, karibu mita mbili, unaonekana na kila mtu. Kisichoonekana ni kwamba alipofika South Carolina alihesabiwa kuwa mchezaji wa mwaka wa mwisho, ilhali alikuwa amecheza Marekani msimu mmoja tu. Miaka aliyosoma Kenya ilikuwa imekwisha kuingia katika hesabu. Nasema hivyo bila kumlaumu mtu, maana njia yake imefanikiwa kuliko ya wengi. Lakini kuna funzo hapo kwa anayetaka kujifunza: haki ya mchezaji ya kucheza na uimara wa mwili wake huamuliwa huku kwetu, miaka kadhaa kabla ya kupanda ndege, na kazi hiyo inapaswa kuanzia katika shule kama zile za Olenguruone na Keringet, huku Kuresoi Kusini katika kaunti ya Nakuru.

Tuanze na hesabu yenyewe. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, humpa mchezaji wa daraja la kwanza misimu minne, na misimu hiyo lazima iishe ndani ya miaka mitano. Wengi huku hudhani kwamba miaka mitano inaanza mwanafunzi anapotua Marekani. La hasha. Inaanza siku anapoingia darasani akiwa amejisajili kwa masomo kamili katika chuo chochote cha elimu ya juu, kiwe Nakuru, Ruiru au Texas. Ikishaanza haisimami, isipokuwa kwa sababu chache kama utumishi wa jeshi au ujauzito. Haisimami kwa kuwa karo imekosekana, wala kwa kuwa mwanafunzi amerudi nyumbani kuchuma majani chai hadi mambo yatengemae. Chukua msichana wa Kuresoi Kusini aliyejiunga na chuo mwezi wa Septemba bila wazo lolote la Marekani, akaacha baada ya muhula mmoja. Kocha wa ng'ambo akimwona miaka mitatu baadaye na kumpenda, atakuta imebaki miaka miwili tu, hata kama msichana huyo hakuwahi kugusa mpira chuoni.

Ipo kanuni ya pili, na hii ndiyo inayowaumiza zaidi watoto wetu. Mchezaji wa kikapu hupewa mwaka mmoja wa neema baada ya wakati ambao angetarajiwa kumaliza shule ya sekondari kwa ratiba ya kawaida ya nchi yake. Mwaka huo ukipita, kila mwaka anaoendelea kucheza ligi au mashindano rasmi kabla ya kujiunga na chuo humkata msimu mmoja. Anayefanya KCSE Novemba na kwenda Marekani Agosti inayofuata yuko salama. Anayekaa nyumbani miaka miwili, akichezea klabu huku akisubiri ajenti aliyeahidi kumtafutia nafasi, anajipunguzia haki yake kila wikendi bila kujua. Na kwa kuwa hesabu hufuata ratiba ya kawaida, mtoto aliyerudishwa kidato anaanza safari akiwa amechelewa. Hapa shule zetu zina deni kubwa. Ni jambo linalofahamika katika michezo ya shule kwamba mchezaji mzuri anaweza kushawishiwa arudie kidato au ahamie shule nyingine ili timu ipate mwaka mmoja zaidi wa huduma yake. Mwalimu anapata kombe la kaunti, shule inapata picha gazetini, na mtoto anabaki na karatasi zisizolingana: cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, fomu ya usajili inasema vile, na cheti cha mtihani kina mwaka wa tatu. Kosa hilo halimwandami mwalimu. Linamwandama mtoto hadi kwenye dawati la afisa asiyemjua, katika nchi asiyoifahamu.

Kuna watakaosema kwamba sheria za Marekani zinalegezwa kila kukicha, kwa hiyo hakuna haja ya kujisumbua nazo. Ni kweli zimelegezwa. Tangu Aprili 2024 mchezaji anaweza kuhama chuo mara nyingi apendavyo bila kukaa nje msimu mzima, mradi masomo yake yako sawa. Desemba 2024 Diego Pavia, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani wa Vanderbilt, alipata amri ya mahakama ili miaka aliyocheza katika chuo cha miaka miwili isimzuie kuongeza msimu. Mwaka mmoja baadaye Baylor ilimwingiza kikosini James Nnaji wa Nigeria, ambaye alikuwa amekwisha kuchaguliwa na timu ya NBA mwaka 2023. Lakini tazama ni nani waliofunguliwa milango hiyo. Ni wachezaji waliokuwa na mawakili, au waliokuwa na chuo kikubwa chenye haja nao na chenye ofisi nzima ya kupigania karatasi zao. Msichana wa Olenguruone ambaye kocha bado anapima kama amsajili yeye au mwingine hana nguvu hiyo. Kocha akiona faili lenye utata anahamia jina linalofuata, kwa sababu siku hizi wachezaji wanaohama ni wengi na wako tayari.

Tena historia yetu wenyewe inaonya dhidi ya kutegemea huruma ya sheria. Katika miaka ya 1970 vyuo vya Marekani vilijaa wanariadha wa Kenya waliokwenda wakiwa watu wazima. Henry Rono wa Nandi alijiunga na Washington State akiwa na miaka 24, na mwaka 1978 akavunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Sheria ya awali iliyowabana wanafunzi wa kigeni peke yao ilibatilishwa na mahakama ya rufani mwaka 1975 katika kesi ya Chuo Kikuu cha Howard. Kufikia 1980 ilikuwa imeletwa nyingine ya kuhesabu mashindano ambayo mwanariadha alishiriki baada ya kutimiza miaka 20, na walioumia zaidi walikuwa wageni. Mlango uliofunguliwa kwa mkono mmoja ulifungwa kwa mwingine. Kijana aliyemaliza shule kwa wakati, mwenye karatasi safi, alipita wakati ule na angepita leo.

Karatasi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mwili, na hapa wenyeji wa nyanda za juu tunajidanganya kwa namna yetu. Tarafa za Mau zimemlea Faith Kipyegon wa Keringet, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mara tatu, na kwa sababu hiyo tumezoea kuamini kwamba pumzi ya mlimani inatosha kwa kila mchezo. Kikapu hakiko hivyo. Mchezaji anakimbia kwa kasi hatua chache, anasimama ghafla, anaruka, anatua, anasukumana na mtu mzito kuliko yeye, halafu anaanza tena, kwa dakika 40. Kinachohitajika ni misuli ya mapaja na kiuno inayoweza kufunga breki, na hiyo haijengwi kwa kukimbia mlima peke yake. Lipo pia suala la joto. Olenguruone ni mahali pa ukungu na sweta, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Starkville, kilipo chuo cha Mississippi State, ni tambarare ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 30 pamoja na unyevu mwingi, na wachezaji wapya huanza mazoezi katika msimu huohuo. Mwili huhitaji takribani wiki mbili kuzoea joto la namna hiyo. Mwongozo uliotolewa na NCAA mwaka 2019 unataka wachezaji wapya, wanaohama kutoka chuo kingine na wanaorudi baada ya mapumziko waanze mazoezi polepole, kwa sababu vifo vya mazoezini vimewakuta wachezaji katika siku za mwanzo. Anayefika akiwa dhaifu atafanya mojawapo ya mawili: ataachwa nyuma na wenzake, au atajikaza kupita uwezo wake ili asionekane mvivu. La pili ndilo linalonitisha.

Kwa wasichana, hatari kubwa iko kwenye goti. Wasichana huchanika kano ya ndani ya goti, ile ambayo madaktari huiita ACL, mara kadhaa zaidi ya wavulana katika michezo ya aina hii. Machi 2025, katika mchuano wa vyuo kati ya USC (Southern California) na Mississippi State, timu aliyokuwa akichezea Okot wakati ule, nyota wa USC JuJu Watkins aliumia goti kwa namna hiyo na akakosa msimu wote uliofuata. Watkins ana madaktari na vyumba vya mazoezi ambavyo sisi hatuna, na bado aliumia. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba maandalizi yatazuia kila jeraha. Yanachofanya ni kupunguza. Mazoezi maalumu ya dakika 15 hadi 20 kabla ya kucheza, ya kuruka, kutua, kujisawazisha na kuimarisha mapaja, yamethibitika kupunguza majeraha ya kano hiyo kwa wasichana kwa karibu nusu. Hayahitaji vyuma wala mashine. Mwalimu anaweza kuanza na jambo dogo: msichana asimame juu ya kiti kifupi, ashuke na kuruka papo hapo, mwalimu akiwa mbele yake akitazama magoti. Yakiingiana wakati wa kutua, kama yanataka kugusana, huyo ana kazi ya kufanya kabla ya kuingizwa kwenye mechi tatu kwa siku katika mashindano ya kaunti ndogo, juu ya saruji iliyopasuka, akiwa na raba zilizolika soli.

Lipo pia jambo la damu, ambalo wengi hulikwepa. Tangu 2010 NCAA inataka wachezaji wa daraja la kwanza wapimwe kama wamebeba chembe ya ugonjwa wa selimundu, baada ya Dale Lloyd, mchezaji wa Rice, kufariki mwaka 2006 kufuatia mazoezi makali. Mtu aliyebeba chembe hiyo mara nyingi ni mzima kabisa na anaweza kucheza hadi uzeeni, ila mazoezi ya ghafla na makali yanaweza kumdhuru asipojulikana. Hali hiyo ni ya kawaida magharibi mwa Kenya na Pwani, ambako malaria imezoeleka, na Nakuru ni kaunti ya watu waliotoka kila pembe. Kipimo ni cha damu kidogo. Si haki mtoto agundue hali yake mara ya kwanza akiwa ugenini, kwa lugha ya kitabibu asiyoielewa, wiki moja kabla ya mazoezi.

Najua pingamizi la gharama. Shule nyingi za Kuresoi Kusini hazina hata uwanja wa kikapu unaostahili kuitwa hivyo, na mwalimu wa michezo ndiye pia wa hisabati na nidhamu. Ndiyo maana siombi vyumba vya mazoezi. Naomba faili moja kwa kila mchezaji: nakala ya cheti cha kuzaliwa, tarehe aliyoingia na anayotarajiwa kumaliza shule, kila uhamisho na sababu yake, timu alizochezea, na ukurasa mmoja wa afya uliosainiwa na tabibu wa hospitali ya kaunti ndogo. Mfumo mpya wa elimu umetupa nafasi. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu Januari 2026, na mojawapo ya mikondo wanayoweza kuchagua ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Mkondo wenye jina hilo usiomfundisha mtoto kutunza goti lake na kuhesabu miaka yake ya kucheza utakuwa umempa jina tupu.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaouliza kwa nini tuwaandalie Wamarekani wachezaji. Nalichukua kwa uzito, kwa sababu ligi yetu inapoteza vijana wake bora. Hata hivyo kuondoka si kupotea. Tylor Ongwae alisoma na kucheza Marekani, katika chuo cha Ranger na kisha Louisiana-Monroe, na Februari 2021 ndiye aliyefunga kikapu cha dakika ya mwisho mjini Yaoundé, Kenya ikaishinda Angola na kurudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Tena faili safi na magoti imara havimfai anayeondoka peke yake. Vinamfaa pia atakayechezea klabu ya Nairobi, timu ya taifa, au atakayeacha mchezo akiwa na miaka 20 na kutaka kutembea bila maumivu akifika 40.

Kwa hiyo walimu wakuu wa Olenguruone, Keringet na vitongoji vyake, msimrudishe mtoto kidato kwa ajili ya kombe. Na wewe mzazi, ajenti akija na barua ya chuo cha ng'ambo, au hata cha hapa Nakuru, mwulize kwanza mtoto wako atabakiwa na misimu mingapi akijisajili siku hiyo, na umtake akupe jibu kwa maandishi kabla hujatia saini.