FUNDI WA NYUMBANI: Filamu isiwaamshe waliolala

Mwezi huu naleta jambo linaloonekana dogo, lakini limeshagombanisha majirani.

Shemeji yangu alirudi kwao Kizuka, huko Rumonge. Ana kompyuta, na jioni watoto wa mtaa wanajaa kwake kuangalia filamu. Alinipigia simu: "Watu wakiongea hatusikii kitu, tunapandisha sauti. Mara bunduki zinalia, nyumba nzima inaruka!" Usiku mmoja bibi wa jirani, aliyekimbia vita mwaka 1972 na tena 1993, alitoka mbio na mjukuu mgongoni. Alidhani yamerudi. Watoto walicheka. Shemeji hakucheka.

Na sisi hapa kambini je? Ukuta ni mmoja, jirani anasikia hata ukikohoa. Wengi wetu hatuhitaji kukumbushwa milio ile usiku.

Kwa nini inakuwa hivyo? Filamu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa sinema, wenye spika nyingi. Huko maneno yana spika yake ya katikati. Kompyuta yako ina vispika viwili tu, basi maneno yanafifia, mizinga inabaki vilevile.

Dawa ipo, tena ya bure. Kama unatumia programu ya VLC, fanya hivi:

1. Filamu ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl na E pamoja.
2. Kwenye upande wa sauti, tafuta Compressor (kwa Kifaransa, Compresseur). Weka alama ya kuiwasha.
3. Threshold ishushe mpaka karibu -20. Hapo ndipo sauti kubwa inaanza kukamatwa.
4. Ratio iweke 4. Maana yake, sauti ikizidi mpaka huo kwa desibeli 4, inayopita ni 1 tu.
5. Makeup gain ipandishe polepole, hadi maneno yasikike vizuri. Hii inainua sauti yote, kwa hiyo usiizidishe.
6. Ukiona kitufe cha Save, kibonyeze, usije ukaanza upya kesho.

Kisha jaribu sehemu mbili: ya watu wakinong'ona, na ya vita. Kama mkono wako hauendi tena kwenye sauti, umefaulu. Muziki wa filamu utapoteza utamu kidogo, ni kweli. Lakini usiku utamu si kitu kuliko usingizi wa jirani. Na ukiwa peke yako, vaa visikilizio, yaishe.

Shemeji alifuata hatua hizi. Kesho yake akampelekea yule bibi sahani ya ndagala na kumwomba msamaha, na watoto waliocheka akaenda nao. Siku hizi bibi mwenyewe anakuja kukaa mlangoni, anaangalia kidogo, anarudi kulala.

Mwenye swali aniandikie kupitia gazeti letu. Tuonane mwezi ujao!