MBAO ZA MEZA: JINA LA MTI LINAWAPONZA WANUNUZI

Mteja anayeingia karakana ya seremala mjini Tarime au Mugumu kuagiza meza ya chakula, mara nyingi huuliza kwanza kama mninga upo. Akiambiwa upo, bei inapanda na mazungumzo yanakwisha. Chumba ambamo meza itakaa hakitajwi, wala haulizwi mtu mbao hizo zilipasuliwa lini. Hapo ndipo fedha zinapopotelea.

Mninga ni mti mzuri, hilo halina ubishi. Kiini chake ni cha kahawia yenye wekundu, na husinyaa kidogo tu unapokauka. Lakini ni mti wa miombo, ambao Mara huupata kutoka mbali, mikoa kama Tabora na Katavi. Mnunuzi analipia mbao, lori, ushuru na sifa. Anayenunua mzigo wa namna hiyo bila alama ya nyundo na kibali cha kusafirishia ajue kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimwangalii muuzaji peke yake.

Wakati huohuo, mashambani katika nyanda za juu za Tarime, kwenye mipaka na katikati ya mibuni, upo mgrevilea. Mbao yake ni nyepesi kuliko mninga, rangi yake inaelekea wekundu hafifu, na ikipasuliwa kuelekea kiini huonyesha madoa yanayong'aa. Wengi huiona ya kufungia zege tu. Ni dharau isiyo na msingi.

Chumba ndicho kinachopaswa kuamua. Nyumba nyingi za wilaya hizi zina madirisha madogo, na sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu. Meza ya mninga humo ndani inameza mwanga mdogo uliopo, mgrevilea unauongeza. Penye vigae vyeupe na dirisha pana, mninga au mvule unakipa chumba uzito. Mvule una vituko vyake: huanza na unjano kisha hugeuka kahawia, na wakati mwingine huficha vijiwe vinavyoua makali ya msumeno. Mkaratusi ni bora uachiwe nguzo, maana hupinda na kupasuka ovyo unapokauka. Mteja mwerevu huomba kipande kilichopigwa randa, hukilowesha kidogo kuona rangi itakayotoka baada ya vanishi, kisha hukiweka chumbani mchana na tena usiku chini ya taa.

Hata hivyo, rangi si kitu mbele ya unyevu. Tarime iko juu na ina mvua nyingi. Sehemu kubwa ya Serengeti iko chini na ni kavu zaidi. Meza iliyotengenezwa Tarime kwa mbao mbichi, ikifika Mugumu, inaendelea kukauka ikiwa sebuleni. Ubao husinyaa kwa upana, si kwa urefu, hivyo uso wa meza uliopigiliwa misumari kwenye fremu hauna pa kwenda ila kupasuka. Seremala anayejua kazi hushika uso huo kwa vipande vya mbao vinavyoteleza kwenye mfuo. Asiyejua hurudishiwa meza, na advansi alishaila.

Kwa mwenye mtaji mdogo, hii ni nafasi. Mbao za mgrevilea zikipangwa chini ya bati, zikitenganishwa kwa vijiti na ncha zake kupakwa rangi, zinahitaji miezi mingi, lakini hazihitaji tanuri. Atumie fedha zake mwenyewe. Mkopo wenye riba ya kila mwezi utakula faida kabla mbao haijakauka. Wateja wa kuwalenga, mbali na watumishi na wafanyabiashara wanaojenga, ni kambi za watalii za Robanda na kando ya lango la Fort Ikoma, ambazo mgeni wake hataki kuona ufa mezani.

Upo pia mpaka wa Sirari. Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu yake ya umma mwaka 2018, wanunuzi wake walielekeza macho Tanzania. Walichotaka wengi wao ni mbao ghafi za ujenzi. Meza iliyokauka na kumalizika ni bidhaa nyingine kabisa, na faida ya kazi hubaki Tarime.