Ugomvi wa Kikundi Huanzia Katika Daftari

Wakulima wenzangu, kikundi cha maji kikivunjika, watu husema, "Ni wivu tu," au, "Wanachama wale ni wagomvi." Mimi sikubali. Watu waliochimba mtaro pamoja kwa majembe yao na kubeba mabomba mabegani hawakuja na ugomvi kutoka nyumbani. Ugomvi una sababu zake, nazo zaweza kuondolewa.

Fikirini jambo hili. Mkulima wa maziwa katika chama cha ushirika hupeleka maziwa yake, yakapimwa, na baadaye akalipwa. Akipunjwa, ataona mwenyewe. Lakini kikundi cha maji hakigawi faida. Mwanachama hutoa shilingi zake, nazo huishia katika mabomba, mafuta ya pampu na malipo ya fundi. Hana njia ya kujua kama zilitumika vizuri ila kwa hesabu. Hesabu isiposomwa, uvumi hushika mahali pake. Ndipo mweka hazina mwaminifu huitwa mwizi sawa na yule aliyeiba kweli, maana hakuna awezaye kuwatofautisha.

Sababu ya pili ni kazi nyingi mikononi mwa mtu mmoja. Mwenyekiti akiwa pia ndiye mpokea fedha na mshika ufunguo wa tangi, hata akiwa mtu mwema, wenzake watanung'unika kisirisiri.

Sababu ya tatu ni zamu. Katika mito itokayo Mlima Kenya, pande za Naro Moru na Nanyuki, walio juu hupata maji kwanza, na wakati wa kiangazi walio chini, wakiwamo wafugaji wa Laikipia, huweza kukuta mto mkavu. Kwa ajili ya matata hayo, vyama vya watumiaji maji vilianza kuundwa huko mwishoni mwa miaka ya 1990, na Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ikavitambua vyama vya namna hiyo. Lakini kuwaketisha watu wa juu na wa chini katika mkutano mmoja hakutoshi. Zamu iliyo mdomoni tu hubishaniwa kila kiangazi. Yafaa iandikwe wakati wa mvua, watu wakiwa hawana haraka wala hasira.

Tangu mwaka 2022 iko sheria ya kusajili vikundi vya jamii, nayo hutaka kikundi kiwe na katiba. Vikundi vingine huandika katiba ili kupata cheti tu, kisha huifungia sandukuni. Katiba iliyo sandukuni haiamui shauri lolote.

Wengine watasema kwamba kusoma hesabu mbele ya watu wote ni kumwaibisha mweka hazina. Sivyo. Ni kumlinda.

Basi, fanyeni hivi. Kila mwezi hesabu isomwe kwa sauti: fedha zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki, hata zile zilizolipwa kwa simu. Risiti zipitishwe mkono kwa mkono. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayeidhinisha matumizi. Zamu ya maji ibandikwe penye tangi, kila mtu aione. Kikundi kisichofanya hayo kisilaumu wivu wa wanachama. Kwanza kifungue daftari lake.