Sura Zetu Si za Kukodishwa

Vijana wenzetu wa Kakuma na Kalobeyei, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma:

Leo hatuna maneno ya kubembeleza. Tumechoka na stetasi za WhatsApp zenye noti zilizopangwa kitandani na linki ya apu ya kripto inayolipa "asilimia 2 kila siku". Na tumechoka zaidi kusikia, apu ikishafungwa, mtu wa ofisini akisema: "Hawa vijana wana tamaa, tena hawajasoma."

Tuanze na hilo la kusoma. Juni 2016 Ruja Ignatova alipanda jukwaani Wembley Arena, London, mbele ya maelfu ya watu, akawaambia sarafu yake ya OneCoin itaipita Bitcoin. Waliopiga makofi hawakuwa watu wa kambi. Oktoba 2017 akapotea, na mwaka 2022 FBI ya Marekani ikamweka kwenye orodha ya watu 10 inaowasaka zaidi. Kampuni ya FTX nayo ilijitangaza kwenye Super Bowl Februari 2022, na Novemba mwaka huohuo ikafilisika. Kwa hiyo mtu asituletee habari ya vyeti. Tangazo linatafuta mahali unapoumia, linakushika hapo. Wa London anaogopa kupitwa na wenzake. Sisi mgao umepungua, mdogo wetu anadaiwa karo, na tumesubiri sana. Wanajua.

Sasa na sisi tuwajue wao. Mbinu zao si nyingi.

Kwanza, hesabu ambayo hawataki uimalize. Asilimia 2 kwa siku, ukiiacha izaliane, Sh1,000 inakuwa zaidi ya Sh milioni 1.3 kwa mwaka mmoja. Miaka miwili, zaidi ya Sh bilioni 1.8. Hebu fikiria: mwenye mashine ya namna hiyo kweli angekuja Kakuma 3 kuomba Sh1,000 yako? Si angekopa benki, anyamaze, atajirike peke yake? Bitcoin yenyewe, ambayo ipo kweli, ilifika karibu dola 69,000 Novemba 2021, na Novemba 2022 ikashuka hadi chini ya dola 17,000. Kitu kinachorukaruka hivyo hakiwezi kukulipa kiasi kilekile kila asubuhi kama mshahara.

Pili, malipo ya kwanza ni chambo. Unaweka Sh500, unatoa Sh600, meseji ya M-Pesa inaingia. Unasema, "Nimehakikisha mwenyewe." Ulichohakikisha ni kwamba aliyeingia nyuma yako ameleta pesa. Wazee wetu waliotoka Kongo waulizeni habari za Bindo, Kinshasa, mwaka 1991. Waliotangulia walilipwa kweli, ndiyo maana wengine wakakimbilia, mpaka mchezo ukaanguka na akiba za watu ndani yake. Hakukuwa na apu wala kripto. Leo wamebadilisha nguo tu.

Tatu, haraka. "Zimebaki nafasi 20!" Saa inahesabu kurudi nyuma. Ifunge hiyo apu, ifungue kesho, utakuta saa imeanza upya. Kazi ya hiyo haraka ni moja: usipate muda wa kumwuliza mtu. Sisi ambao karatasi moja tunaingojea miaka, kwa nini tuamini bahati inayoisha baada ya dakika 15?

Nne, maneno makubwa. Blokcheini, akili mnemba, roboti inayofanya biashara ukiwa umelala. Yamewekwa uone aibu kuuliza. Blokcheini kwa ufupi ni daftari la hesabu ambalo nakala zake ziko kwa watu wengi, na mmoja hawezi kulichezea kimyakimya. OneCoin ililiimba sana hilo neno, na waendesha mashtaka wa Marekani wakaeleza kwamba blokcheini ya kweli haikuwa nayo. Anayekualika akishindwa kukueleza kwa Kiswahili, Kifaransa au Kirundi kwamba faida inatoka wapi, achana naye. Na usidanganyike eti apu iko Play Store. Duka la simu halimpi mtu leseni ya kushika pesa za watu.

Tano, ada ya kutoa. Akaunti inaonyesha Sh40,000, lakini ukitaka kutoa unaambiwa ulipe kwanza "kodi" Sh4,000. Ukilipa, inakuja nyingine. Ile Sh40,000 ni namba tu iliyochorwa kwenye kioo. Sh4,000 ndiyo pesa halisi, na ndiyo wanayoitaka.

Sita, na hii ndiyo imetufanya tuandike: sura yako. Hizi apu hazina ofisi, hazina mwenyewe anayejulikana. Zina wewe. Kambini mtu haamini bango, anaamini yule aliyepanga naye foleni ya maji, aliyemwimbia kwaya, aliyemfundisha mtoto wake hesabu. Wenye apu wanalijua hilo, ndiyo maana wanalipa "bonasi ya kualika". Wanakodi miaka yote ambayo watu wamekuamini, kwa Sh200 kwa kichwa. Siku apu ikifungwa, wao hawana anwani. Wewe unayo: blok yako inajulikana, mlango wako unajulikana. Mama aliyetoa pesa ya chakula atakuja kulia kwako. Kikundi cha akiba kitavunjika, na watu wa taifa lako watasemwa wote.

Kwa hiyo wanaosema "kila mtu na hela yake", tunawapinga wazi. Ukiingia peke yako, sawa, ni hela yako. Ukialika, umeweka dhamana kitu ambacho si chako.

Na nyinyi wa mashirika. Acheni neno "tamaa". Mtu akishaitwa mwenye tamaa hataripoti, atanyamaza, na ukimya wake ndio unaompa mwizi wiki nyingine mbili za kula. Msiwape watu wa apu kumbi zenu hata kwa saa moja, maana wakisimama chini ya nembo yenu, watu wanaona mmewabariki. Semina moja na soda haitoshi. Tunahitaji mahali mtu aseme "nimeliwa" siku ileile, bila kuchekwa, wengine waonywe jioni hiyohiyo. Na mkumbuke kwamba kijana mwenye insentivu ndogo, asiye na kibali cha kazi, kila siku anatafuta mlango. Milango ya halali ikifungwa saa 11 jioni, ya matapeli iko wazi usiku kucha.

Sisi msimamo wetu ni huu: hatuposti linki, hatualiki mtu, na jina la kikundi chetu halitakaa kwenye tangazo lolote la apu. Ukitumiwa linki leo, uliza maswali matatu: faida inatoka wapi, mwenyewe ni nani, na kwa nini wananihitaji mimi nilete watu?

Kisha mrudishie aliyekutumia andiko hili. Usimtukane. Huenda naye amekodiwa tu.