Jasho Lisilo na Hati

Mwezi wa Agosti mwaka 2024, majumba ya sinema ya Thailand yalianza kuonesha filamu iitwayo Wiman Nam, inayojulikana ng'ambo kwa jina la The Paradise of Thorns, na ambayo kwa lugha yetu tungeweza kuiita Pepo ya Miiba. Aliyeiongoza ni Naruebet Kuno, na waliobeba uzito wa mchezo ni mwimbaji Jeff Satur na mwenziwe Engfa Waraha. Mwezi wa Septemba wa mwaka huo huo ilioneshwa katika tamasha la filamu la Toronto, nchini Canada. Ni hadithi ya wanaume wawili wapendanao, na ni hadithi ya msiba. Kwa sababu hizo mbili imezua maneno mengi, na mengine yamefika hadi kwenye baraza zetu, kwani zama hizi filamu haingoji tena jumba la sinema. Humfuata mtazamaji kiganjani mwake.

Safu hii haikusudii kumwambia mtu nini atazame na nini aache. Kazi ya kukagua filamu Visiwani ina wenyewe waliokabidhiwa, na kila mzazi anaujua mlango wa nyumba yake. Tunalokusudia ni kuyapima maoni ya watazamaji, kwa sababu namna watu wanavyoihukumu hadithi huonesha namna watakavyowahukumu majirani zao.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika milima ya mkoa wa Mae Hong Son, kaskazini magharibi ya Thailand, mpakani na Burma, ambayo siku hizi huitwa Myanmar, Thongkam na Sek wanalima shamba la doriani. Tunda hili hatuhitaji kuelezwa. Harufu yake inafahamika katika masoko yetu, na wakulima wetu wanajua kuwa mti wake hautaki pupa. Anayeupanda huhesabu miaka, si miezi, kabla ya kuonja faida. Kwa Wathai tunda hilo ni mali kubwa, kwani nchi yao ndiyo inayoongoza duniani kwa kulisafirisha nje, na mnunuzi wao mkuu ni China. Wawili hao wametia nguvu zao zote katika ardhi ile, wamejenga nyumba, na Thongkam ametoa fedha zake kuikomboa ardhi katika deni. Lakini hati imeandikwa jina la Sek peke yake. Siku si nyingi Sek anafariki kwa ajali. Mbele ya sheria Thongkam si mume, si mke, si ndugu wala mrithi. Shamba na nyumba vinakwenda kwa mama wa marehemu, ambaye anahamia pale pamoja na binti wa kulea aliyekuwa akimtunza. Aliyepanda miti anabaki kama mgeni chini ya kivuli chake mwenyewe.

Ili mtu aelewe kwa nini filamu hii iliwagusa Wathai, hana budi kujua ilitoka wakati gani. Kifungu cha 1448 cha sheria yao ya madai na biashara kilihesabu ndoa kuwa ni baina ya mwanamume na mwanamke. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Mahakama yao ya Katiba iliamua kwamba kifungu hicho hakipingani na Katiba. Baada ya hapo shauri likarudi Bungeni. Tarehe 27 Machi 2024 Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo liliupitisha mswada wa kubadilisha sheria kwa kura 400 dhidi ya 10, na tarehe 18 Juni Baraza la Seneti likauafiki kwa kura 130 dhidi ya 4. Sheria mpya ilitangazwa katika gazeti rasmi la Kifalme mwezi wa Septemba, ikaanza kutumika tarehe 23 Januari 2025. Thailand ikawa nchi ya kwanza ya kusini mashariki mwa Asia kuchukua hatua hiyo. Kwa hiyo filamu iliingia sinema wakati wino wa Bunge umekauka lakini sheria haijaanza kazi. Watazamaji waliokaa kitini Agosti ile walikuwa wakiitazama sheria ya zamani katika siku zake za mwisho.

Katika watazamaji wa filamu hii yako makundi manne ya maoni yanayostahili kupimwa.

Kundi la kwanza linasema hii ni filamu ya sheria. Laiti wawili wale wangalitambuliwa, Thongkam angalirithi, na visa vyote visingetokea. Maoni haya yana ukweli, lakini hayakamilishi. Msiba ule ulitokana na mambo mawili yaliyokutana: sheria iliyomkana mtu, na hati iliyoandikwa jina moja. Sheria ya Thailand, hata ile ya zamani, ilimruhusu mtu kuandika wasia na kumwachia mali yake amtakaye. Angaliandika Sek karatasi moja, mama yake angalikuta mlango umefungwa. Wanaopendana aghalabu huona aibu kuandikiana, wakidhani kalamu ni dalili ya kutoaminiana. Mauti hayana aibu hiyo.

Kundi la pili linasema hii ni filamu ya uchoyo, na kwamba kila aliyemo ana doa. Hawa wametazama kwa makini. Mtengenezaji hakumfanya Thongkam malaika. Naye anaingia katika hila na visasi, na huruma tuliyokuwa nayo kwake inatikisika. Wala hakuwafanya wapinzani wake mashetani. Mama yule ni mzee maskini aliyepoteza mwana. Binti yule amemtumikia mzee miaka nenda miaka rudi bila ujira, naye pia hana karatasi yoyote inayosema kuwa utumishi wake una thamani. Basi mabishano ya shamba lile si ya tajiri na maskini, bali ya watu walionyimwa wanaong'ang'ania kipande kimoja cha ardhi. Palipo na uhaba wa haki, wanyonge hugeukiana wao kwa wao, na mwenye nguvu hata hatajwi. Sisi tuliolelewa katika siasa ya kupinga unyonyaji hatukupaswa kulisahau somo hilo.

Kundi la tatu linalalamika kwamba filamu za namna hii daima humalizikia kaburini. Lalamiko hili lina historia. Mwaka 1985 Wathai walitengeneza The Last Song, juu ya msanii wa jukwaani mjini Pattaya ambaye mapenzi yalimpeleka kwenye kifo. Mwaka 2007 ikaja Bangkok Love Story ya Poj Arnon, hadithi ya muuaji wa kukodiwa na mtu aliyetumwa kumwua, nayo ikaenda na damu. Mwaka 2017 Anucha Boonyawatana akatoa Malila, ambamo mmoja wa wawili waliopendana zamani anakufa kwa saratani huku akisuka mapambo ya maua, na mwenziwe anaingia utawa wa Kibuda. Kwa hiyo mtazamaji aliyechoka ana haki ya kuchoka. Lakini iko tofauti ambayo haifai kupuuzwa. Katika filamu zile anayeua ni maradhi, risasi au moyo uliovunjika, na mtazamaji hulia akaenda zake, maana hakuna wa kuulizwa. Katika Pepo ya Miiba, kifo cha Sek ni mwanzo tu. Kinachomwangamiza aliyebaki ni karatasi, na karatasi ina mwandishi wake, ina ofisi yake, ina muhuri wake. Msiba wa maradhi tunaukabidhi kwa Mola. Msiba wa karatasi tunaulizana wenyewe kwa wenyewe.

Kundi la nne ni la hapa kwetu zaidi. Linasema: watu wale wamevuna walichopanda, na yaliyowafika ni stahili yao. Kwa hili tutasimama kidogo.

Msimamo wa dini yetu juu ya mapenzi ya namna ile unajulikana, na sheria za Zanzibar na za Muungano zimekwisha kulitolea jambo hilo kauli. Safu hii haikuandikwa kuomba kauli hiyo ibadilishwe. Lakini neno "stahili" ni neno zito, na halifai kutupwa ovyo. Aliyevuna katika filamu ile siye aliyepanda. Aliyepanda alitolewa nje, na waliovuna ni watu ambao hawakuchimba hata shimo moja. Tukisema hiyo ni haki, tumesema kwamba jasho la mtu huhalalika kwa mwingine pale tunapokuwa hatuupendi mwenendo wake. Nani basi atakayesalimika? Leo watamtoa huyu kwa sababu hii, kesho watamtoa yule kwa sababu nyingine, na kila mwenye tamaa ya shamba la mwenziwe atajitafutia sababu. Chuoni tulifundishwa kwamba dhulma ni dhulma, na hatukufundishwa kuuliza kwanza kama aliyedhulumiwa ni mtu wa kupendeza. Mtu hatoki katika ubinadamu kwa kosa tunalomhesabia. Mtazamaji aliyecheka pale Thongkam anapokuwa mgeni katika nyumba aliyoijenga na ajiulize kicheko kile kilikuwa cha dini au cha kitu kingine.

Hatuna sababu ya kujifanya kwamba hatujui kutazama. Wazee wetu walijaza Majestic, Empire na Cine Afrique kutazama filamu za Kihindi, wakatoka wakijadiliana haki na batili hadi usiku. Mother India ya mwaka 1957 ni filamu ya nini, ikiwa si ya ardhi, deni na karatasi? Mkopeshaji anaitumia hati ambayo wakulima hawawezi kuisoma, na jasho la mama mkulima linakwenda mwaka hadi mwaka katika ghala la mtu mwingine. Wahusika walikuwa Wahindu, wakiishi kwa desturi zisizo zetu. Hilo halikuwazuia watazamaji wa Kiislamu wa visiwa hivi kuitambua dhulma walipoiona. Uwezo huo wa kutazama haukutoka kwa Wazungu wala kwa Wahindi. Ulikuwa wetu, na itakuwa hasara tukiupoteza sasa, wakati ambapo picha zimekuwa nyingi na mazungumzo yamekuwa machache.

Tena liko jambo linaloihusu nyumba yetu moja kwa moja. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii ibada ya usiku wala vita. Inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Sheria yetu ya mirathi imempangia kila mrithi fungu lake, na wasia umewekewa mpaka wa theluthi. Mtu aliye hai ana njia ya kutoa hiba, ana njia ya kuweka wakfu, ana njia ya kuandikiana ushirika na aliyechanganya naye mali. Elimu hii tunayo karne nyingi. Pamoja na hayo, wako wanawake katika visiwa hivi waliolima na waume zao miaka ishirini, wakapanda minazi, wakapalilia mikarafuu, wakauza vitumbua ili bati la nyumba lipatikane, kisha talaka au mauti yakaja na wakatoka na mabegi yao ya nguo. Mke mjane fungu lake la mirathi analo, lakini fungu hilo ni haki ya ndoa, si malipo ya jasho lake. Jasho lile lilipaswa kuhesabiwa kwanza kuwa mali yake, ndipo kilichobaki kiitwe mali ya marehemu. Vivyo hivyo ndugu aliyebaki shambani wakati wenziwe wako mjini, na mtoto wa kulea aliyewauguza wazee hadi mwisho, ambaye kwa sheria yetu si mrithi. Wote hao ni jamaa wa jasho lisilo na hati.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliigawa ardhi kwa wananchi, na eka tatu zikawa fahari ya mkulima aliyekuwa akilima kwa hisani ya mwingine. Kazi hiyo haikwishi kwa kuigawa ardhi. Inakamilika pale kila aliyeitumikia anapojulikana kwa jina. Kwa hiyo tuna maneno matatu kwa wahusika. Masheha na wawashauri wanandoa na washirika waandikishe mchango wa kila mmoja wangali hai na wangali wanapendana, kwani msibani kalamu huwa nzito. Wanaosajili ardhi waulize, kabla ya kupiga muhuri, kama aliyekuja ofisini ndiye peke yake aliyelima. Na wanaosimamia mirathi, kuanzia Mahakama ya Kadhi hadi Kamisheni ya Wakfu, waendelee kutenga kwa uangalifu kilicho cha marehemu na kilicho cha aliyebaki hai, kabla ya kugawa fungu hata moja.

Kwa watazamaji, hasa vijana, tuna neno moja tu. Mkitazama filamu ya watu msiofanana nao, msiishie kuuliza wale ni akina nani. Ulizeni pia nani alipanda, nani alivuna, na nani aliyeiandika hati. Mwenye kuuliza hivyo mbele ya shamba la doriani la Mae Hong Son atajua kuuliza hivyo mbele ya shamba la mikarafuu la babu yake, na huko ndiko atakakoombwa jibu.