Vijana wa Mgambo Waandikwe

Tunawaomba wazee wa kijiji cha Litapunga waandike majina ya vijana walioitwa katika mgambo baada ya Idi Amin kuivamia Kagera mwaka 1978. Kwani katika vita vile askari wengi wa miguu walikuwa wakulima waliotolewa kondeni, wakafunzwa kwa haraka, wakapewa bunduki, wakaelekezwa njia ya Kampala.

Yaliyowasibu Lukaya, nchini Uganda, yanastahiki kusimuliwa kwa taadhima: tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201 ya jeshi letu, iliyojaa mgambo ambao aghalabu yao hawajapata kuonja vita, ilimiminiwa maroketi ya Walibya waliomsaidia Amin, ikatawanyika kando ya vinamasi, na alfajiri yake wale wale waliokimbia wakarejea kupigana. Hatuoni aibu yoyote katika kukimbia kule.

Mashahidi wengi wa vita vile wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, mbali na wazazi ambao hawakujaaliwa hata kulitia udongo kaburi la mwana wao. Taifa huwakumbuka kila tarehe 25 Julai. Kijiji nacho kina wajibu wake: ofisi ya kata itenge daftari, na jamaa wenye picha au barua wazilete, maadamu wenye kuwakumbuka wangali hai.